Kumi na Moja Kati ya Ishirini

Kuna makosa ambayo mtu yeyote anaweza kuyafanya, na kuna makosa ya kitaalamu, ambayo lazima uwe umeyasomea. Kosa alilolifanya Mwalimu Utangulizi asubuhi ile ya Jumatatu lilihitaji uzoefu wa miaka thelathini na moja. Mimi na wewe tusingeliweza hata tukijaribu.

Alitoka kuoga, akaja mezani kunywa chai, akakuta karatasi mbili za fulskapu zimebanwa chini ya chupa. Zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, pande zote. Mkewe alikuwa ametoka kwenda sokoni. Mtu mwingine angejiuliza hizi karatasi ni za nani, zinasema nini, na kwa nini zimewekwa mahali ambapo lazima azione. Mwalimu hakujiuliza. Mkono ulikwenda wenyewe kwenye mfuko wa shati, ukatoka na kalamu nyekundu, na kabla chai haijapoa kazi ilikuwa imekwisha. Alijumlisha pembeni, akaandika juu kulia 11/20, akazungushia duara. Chini akaongeza neno la kutia moyo, maana si mtu mbaya: Umejitahidi. Zingatia muundo. Kisha akazirudisha karatasi chini ya chupa, akaenda zake kumwagilia maua.

Mkewe aliporudi alisimama mezani na kikapu mkononi. Alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza, akasoma uliofuata, mpaka mwisho. Mwalimu alikuwa akimtazama kutoka mlangoni, na kusema kweli alikuwa anangoja shukrani.

"Kumi na moja," mkewe akasema.

"Kumi na moja si haba kwa mtu anayeanza. Wapo niliowapa saba na leo ni mawakili."

"Niliandika nini?"

"Insha."

"Inahusu nini, Mwalimu?"

Alifungua mdomo kwa kujiamini kabisa, na mdomo ukabaki wazi. Si kwamba hakukumbuka. Alikumbuka vizuri sana. Alikumbuka kwamba utangulizi haukuwepo, mwandishi kaingia ndani ya mada bila hodi. Alikumbuka kwamba aya ya pili ilibeba mawazo mawili, kwamba aya ya nne ilikuwa na mfano usiotosha, na kwamba insha nzima iliishia na swali, jambo ambalo mwongozo wa kusahihisha unalikataza waziwazi. Kilichomponyoka ni kitu kimoja tu: insha yenyewe ilisema nini.

"Inahusu maisha," alisema mwishowe, maana hakuna insha isiyohusu maisha.

Mkewe alimtazama. Mama huyu alikuwa mkunga kwa miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu mwaka uliopita, na alizoea kungoja kitu kitoke. Alingoja. Hakikutoka. Akaenda chumbani, akarudi na begi, akaziweka zile karatasi ndani yake kwa uangalifu, juu ya nguo.

"Nakwenda kwa mdogo wangu," alisema. "Siku utakayoniambia nilichoandika, nitarudi. Chai unajua kuipika."

Akaondoka, wala hakubamiza mlango. Afadhali angeubamiza.

Mwalimu hakuitwa Utangulizi bure. Kabla ya kustaafu alikuwa amefundisha watoto wa watu kuandika insha, kisha watoto wa watoto hao, na wote aliwafundisha kitu kimoja. Insha ni samaki, aliwaambia. Ina kichwa, kiwiliwili na mkia. Kichwa ni utangulizi, na jicho la msomaji huangukia hapo kwanza. Ndani ya kiwiliwili kuna miiba, ndizo hoja, na kila mwiba una nyama yake, ndiyo mifano. Mkia ni hitimisho. Alimchora samaki huyo ubaoni kila mwanzo wa muhula, akampiga chaki kichwani na kuuliza, "Samaki asiye na kichwa ni nini?" Darasa zima lilijibu, "Ni kitoweo, Mwalimu," na kila mwaka alikasirika kana kwamba ni mara ya kwanza kulisikia jibu hilo.

Halafu kila mwisho wa mwaka alikwenda kusahihisha mitihani ya taifa. Ukumbi mkubwa, meza ndefu, bahasha zimepangwa hadi kidevuni, na kiongozi wa meza anayetembea nyuma yako akitazama saa. Dakika nne kwa insha moja. Hakuna binadamu anayeweza kusoma insha kwa dakika nne na kuipa haki yake mara mia kwa siku, kwa hiyo Mwalimu alijifunza mahali pa kutazama. Mstari wa kwanza, kichwa cha kila aya, mstari wa mwisho, basi. Palipobaki jicho liliruka kama panzi. Alikuwa hodari. Mwaka mmoja alipewa cheti cha msahihishaji mwenye kasi kuliko wote, akakitundika sebuleni juu ya redio, na bado kipo.

Siku mbili za kwanza alijiambia kwamba hasira za mama zitapoa. Siku ya tatu alipika wali, akaula mbichi, akagundua kwamba nyumba ya watu wawili mmoja akitoka haibaki nusu, inabaki tupu. Watoto wao walikwisha kwenda makwao zamani. Hapakuwa na mtu wa kumwambia kwamba taarifa ya habari ina makosa. Akakiri moyoni kwamba anamtaka mkewe arudi, tena haraka, na kwamba hana la kumwambia. Basi akafanya alichokijua. Alivuta kiti, akachukua karatasi, akaandika barua.

Barua ilianza hivi: "Mpenzi mke wangu, tangu kuumbwa kwa ulimwengu binadamu amekuwa kiumbe wa kuishi na wenzake. Ndoa, kama inavyofahamika na wengi, ni muungano wa watu wawili wenye nia moja. Katika barua hii nitajadili chanzo cha tofauti zetu, athari zake, na hatua zinazofaa kuchukuliwa." Aliisoma mara mbili akaridhika. Kichwa kile kilikuwa cha samaki mkubwa.

Shemeji yake, huyo mdogo wa mkewe, alikuwa na duka la vifaa vya kuandikia, na mashine ya kutoa nakala iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi. Nyuma ya duka kulikuwa na vyumba viwili alimokaa. Shemeji alikuwa na ulimi, na tangu siku ya harusi alikuwa akiutumia kwa Mwalimu bila huruma, na kwa haki, maana shemeji ni mtani.

"Karibu, Shemeji," alimwambia akiwa anapanga karatasi. "Umekuja kutoa nakala au kutoa machozi?"

"Nimeleta barua ya dada yako."

"Kurasa nne? Huyu mtu umemkosea au unamgombea ubunge?"

Akaipokea, akaingia nayo ndani. Mwalimu alirudi nyumbani akiwa na matumaini, na kesho yake asubuhi akafuata jibu. Shemeji alimkabidhi karatasi zake zilezile. Zilikuwa na wino mwekundu kutoka juu hadi chini, na kwenye pembe ya kulia, ndani ya duara, palikuwa na 6/20.

Utangulizi umemeza insha, palisema pembeni. Mke anatokea ukurasa wa pili, mstari wa tisa. Na chini kabisa: Kiini hakionekani. Soma swali.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mwalimu alisimama pale kaunta masikio yakiwaka moto. Jambo la kuchekesha, na la aibu kidogo, ni kwamba kilichomuuma kwanza hakikuwa mke asiyerudi, ni zile alama sita. Barua ilikuwa na aya zilizopangika. Ilistahili nane hata mbele ya msahihishaji katili.

"Nilimwambia akuongezee mbili za usafi," Shemeji alisema. "Akakataa. Anasema hapendelei mtu."

Soma swali. Swali lenyewe alilijua: niliandika nini? Mwalimu akarudi nyumbani, akakaa kupeleleza. Aya ya pili ilikuwa na mawazo mawili. Ni kitu gani ndani ya nyumba hii kina mawazo mawili? Bomba la jikoni, ambalo linavuja na pia linapiga kelele. Aya ya nne, mfano hautoshi. Huyo bila shaka ni yeye mwenyewe kukoroma, maana mtu hawezi kutoa mfano wa kukoroma kwa maandishi. Alikwenda hivyo hivyo hadi akapata hoja tano: bomba, kukoroma, kabati lisilofunga, redio yenye sauti kubwa, na mvua iliyoingia dirishani siku aliyosahau kulifunga. Akamwita fundi bomba. Akalifunga kabati kwa msumari. Kisha akaandika barua ya pili, utangulizi mistari mitatu tu, hoja tano kila moja na aya yake, na hitimisho lenye ahadi. Akaipeleka Ijumaa. Nilivyomfahamu, alikuwa anategemea kumi na nne.

Alipata nne.

Umekariri, mkewe aliandika. Hoja zote tano ni zako, yangu haimo. Na pembeni mwa aya ya kwanza: Bomba, asante.

"Sasa anashuka," Shemeji alisema, akilitazama lile duara kwa kichwa upande. "Ukiandika ya tatu utamkuta kwenye sifuri. Shemeji yangu, si ukubali tu kwamba hujui?"

"Nikikubali sijui, dada yako atarudi vipi? Amesema nimwambie alichoandika."

"Basi kazi unayo," alisema Shemeji, akageukia mteja.

Jumamosi wanafunzi wake wa masomo ya ziada walikuja kama kawaida, watoto kumi wamebanana sebuleni, ubao umeegemezwa kwenye kochi. Mwalimu hakuwa na nguvu ya kumchora samaki. Aliwapa kichwa cha insha, "Siku nisiyoisahau," akawaambia waandike kimya, naye akakaa kwenye kiti chake na rundo la insha za wiki iliyopita, zilizokwisha sahihishwa, zinazongoja kurudishwa. Ili kuepuka kutazama kiti cha mkewe, alichukua ya juu.

Ilikuwa ya msichana ambaye wenzake walimwita Wakili, kwa sababu alikata rufaa hata kwa nusu alama. Alikuwa amempa kumi na tano, na kuandika: Kiini kimejengeka. Insha ilihusu harusi ya shangazi. Ilianza kwa jua kuchomoza na ndege kuimba nyimbo tamu, kama zinavyoanza insha zote, na Mwalimu akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi. Alifika mwisho wa mstari wa kwanza, akaenda kwenye wa pili. Akaenda wa tatu. Akaingia katikati ya aya, kule porini ambako jicho lake halikukanyaga.

"Bwana harusi alishuka kwenye gari akiwa amevaa suti nyeusi," Wakili alikuwa ameandika. "Mwalimu, kama umefika hapa tafadhali piga tiki mbili. Bibi harusi naye alishuka akisindikizwa na wapambe."

Pembeni palikuwa na tiki moja, nyekundu, ya mkono wake mwenyewe.

Alichukua insha ya pili. Ilihusu duka lililoungua. "Moto uliendelea kuwaka kwa kasi. Sentensi hii naiandika kwa sababu najua huku hakuna mtu anayekuja. Wazima moto walipofika walikuta paa limeanguka." Tiki. Akachukua ya tatu, ya kijana mmoja mpole wa safu ya nyuma. Aya yote ya tatu ilikuwa orodha ya vitu alivyotumwa dukani na mama yake: sabuni ya kufulia, kiberiti, chumvi, betri mbili za tochi, na maziwa kama yapo. Pembeni Mwalimu aliandika: Mifano ya kutosha.

Akaweka rundo chini. Kalamu zote sebuleni zilikuwa zimesimama.

"Tangu lini?" aliuliza.

Watoto wakatazamana. Wakili akasimama, kwa sababu ndiyo kazi yake. "Mwalimu, sisi tumerithi tu. Hata mama yangu alikuandikia. Anasema alikuambia kwenye aya ya tatu kwamba paa la darasa linavuja juu ya dawati lake. Ukampa kumi na sita."

"Na paa?"

"Anasema alihamia dawati lingine."

Mwalimu alicheka. Alicheka kwanza, na watoto wakapata ahueni wakacheka naye, kijana mpole wa nyuma akiwa wa kwanza kupiga makofi. Kisha akanyamaza kabla yao. Alikuwa amekumbuka ukumbi na zile meza ndefu, na bahasha, na watoto wote waliomwandikia kitu pale katikati wakitumaini mtu atapita, na yeye akaruka kwa kasi akapewa cheti. Aliona aibu. Aibu ya kweli. Na nyuma ya aibu alimwona mkewe amesimama na kikapu, akisoma ukurasa wa kwanza, akigeuza.

Aliwaambia watoto waende nyumbani. Wakili aliuliza kama kumi na tano yake inabaki. Mwalimu akamwambia inabaki, na kwamba mwalimu ndiye anayedaiwa tiki moja.

Jumatatu dukani kwa Shemeji alifika mapema kabla mashine haijapata moto. Aliomba karatasi moja, akaandika akiwa amesimama pale pale kaunta, mistari minne. "Sikusoma. Nilisahihisha. Sijui ulichoandika, na nikikisia tena nitakosa tena. Naomba unipe nisome."

Shemeji aliichukua akaigeuza nyuma kutafuta mwendelezo. "Ndiyo yote?"

"Ndiyo yote."

"Haina kichwa. Haina hata mkia."

"Shemeji, ipeleke."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, Shemeji hakuongeza neno. Aliingia ndani, akakaa huko muda ambao Mwalimu aliuhesabu kwa kusoma maandishi yote ya kwenye maboksi ya karatasi, gramu themanini, rangi nyeupe, weka mbali na unyevu. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu.

"Anasema uingie," alisema. "Vua viatu, nimedeki."

Chumba cha nyuma kilikuwa nusu stoo. Maboksi yalipanda ukutani mpaka dirishani, na mkewe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono ameificha chini ya mtandio. Karatasi mbili zilikuwa juu ya kigoda mbele ya kiti kitupu. Hakumsalimia. Alimwonyesha kiti kwa kidevu, na Mwalimu akakaa, akazichukua, akaanza.

"Umeruka," mkewe alisema baada ya muda.

"Sijaruka."

"Jicho lako nalijua. Rudi ulikotoka."

Alirudi. Alisoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, neno baada ya neno.

"Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka," insha ilianza. Pembeni yake, kwa wino mwekundu: Utangulizi uko wapi?

"Ulianza kidole kimoja, nikadhani ni uchovu wa zamu. Siku moja nilikuwa nakata kitovu cha mtoto wa kike, mkasi ukakataa kutulia. Muuguzi kijana aliyekuwa karibu yangu aliutoa mkononi mwangu taratibu. Nilimshukuru, na nilimchukia." Pembeni: Mawazo mawili katika aya moja. Chagua moja.

"Watu wote niliwaambia nastaafu kwa sababu ya magoti. Magoti yangu ni mazima." Hapo palikuwa na tiki.

"Kwenye sherehe ya kuniaga nilikuita tukate keki pamoja. Watu wakapiga vigelegele, nawe ukapigwa picha kwa tabasamu. Nilikuita unishike mkono." Mfano hautoshi. Fafanua.

Mwalimu alisimamisha kidole. Picha ile ilikuwa kwenye fremu pale nyumbani, yeye akiwa ameukumbatia mkono wa mkewe juu ya kisu, amejaa fahari. Alikuwa akiwaonyesha wageni.

"Endelea," mkewe alisema.

"Daktari anasema huu si ugonjwa wa kuua, ni wa kukera tu. Hata hivyo naogopa. Wewe ambaye koma ikikosekana unaiona kutoka upande wa pili wa meza, mkono wangu hujawahi kuuona?" Chini yake: Insha haimalizwi kwa swali. Na kando ya ukurasa mzima, kutoka juu hadi chini, maandishi mekundu yaliyonyooka ya mtu asiye na wasiwasi wowote: Mwandiko haujatulia. Shika kalamu vizuri. Alikuwa amekata alama mbili kwa hilo.

Machozi yalimtoka na hakuyatafutia maelezo. Alikaa nayo hivyo hivyo, karatasi zikiwa magotini.

"Niliandika nini?" mkewe aliuliza.

"Uliandika kwamba mkono wako unatetemeka, na unaogopa, na mimi nimekaa nawe meza moja sijaona."

"Na swali?"

"Sijawahi kuuona," alisema. "Niliuona mwandiko."

Mkewe aliitikia kwa kichwa polepole. Hakuonekana kushangaa, alionekana kama mtu aliyeweka mzigo chini.

"Mbona hukuniambia kwa mdomo, Mama?"

"Mara mbili. Ya kwanza ulikuwa na redio yako, ukasema 'mm'. Ya pili ukasema 'vizuri sana'. Nikawaza, nikimwandikia ataona, karatasi haijawahi kumpita."

"Mficha uchi hazai," Shemeji alisema kutoka nyuma ya mlango. "Mimi nilimwambia atumie kipaza sauti."

Mwalimu alihama kutoka kwenye kiti, akakaa kitandani karibu na mkewe. Akaunyanyua mtandio, akautoa ule mkono, akauweka ndani ya mikono yake miwili. Ulitetemeka. Ulikuwa mkono uleule, wenye kovu dogo la sindano kwenye kidole gumba, ila ndani yake kulikuwa na kitu kinachohangaika bila kutulia, na alishangaa jinsi kilivyo kikubwa. Hata kipofu angekiona. Mashine upande wa pili wa ukuta ikaanza kunguruma, mteja kaja.

"Nifute ile kumi na moja," Mwalimu alisema.

"Iache. Nitawaonyesha wajukuu."

"Basi nikuongezee."

"Usiniongezee kitu. Sikiliza." Mkewe aliuacha mkono wake alipouweka. "Wamepita watoto wengi kwangu, na kila mmoja alikuja na vituko vyake. Sitaki viishie kichwani mwangu, na mkono ndio huo, umeuona. Wewe wako ni mzima na kazi huna. Shika kalamu. Ukurasa mmoja tu, kisha twende nyumbani, nikaone hilo kabati ulilolifunga kwa msumari."

"Nani kakuambia?"

"Fundi bomba."

Mwalimu alivuta boksi la karatasi karibu liwe meza, akatia mkono mfukoni, ukatoka na kalamu yake nyekundu. Wote wawili wakaitazama. Mlango ukafunguka kidogo, mkono wa Shemeji ukaingia na kalamu ya bluu, ukatoka.

Mkewe alifumba macho ili akumbuke vizuri.

"Andika," alisema. "Basi yule wa tatu akatoka miguu kwanza."

Mwalimu aliinua kalamu. Wa tatu yupi? Wa kwanza na wa pili wako wapi? Ni wapi hapa, ni mwaka gani, mama wa watoto hawa ni nani, na hilo "basi" linatokea wapi pasipokuwa na sentensi hata moja mbele yake? Miaka thelathini na moja ilimpanda kooni, ikafika kwenye ulimi. Akaimeza.

"Akatoka," alirudia akiandika, "miguu kwanza."

Akaweka nukta, akamtazama mkewe usoni, akasubiri. Mkewe alikuwa bado amefumba macho, anatabasamu na kitu anachokiona yeye peke yake, na Mwalimu akajikuta amesogea mbele.

"Halafu ikawaje?" akauliza, na aliuliza kwa sababu alitaka kujua.